Maswali Yenu: Uqammaq, mzungu aliyefundishwa kusema na Wainuit

Wadau, toleo lililopita niligusa kidogo tu habari za Edmund Peck, padri wa Kianglikana aliyeishi na Wainuit kaskazini kabisa ya Kanada, nikajua imeisha hapo. Kumbe ndo mmeanza. Meseji zimekuwa nyingi kwa hiyo ukurasa wote wa leo nampa yeye, yale maswali ya matumizi ya "ambaye" yatasubiri mwezi ujao, mnisamehe.

Msomaji, Muheza: Shikamoo Mwalimu. Ulisema huyu mtu alikuwa baharia, sasa ubaharia na Biblia vilikutana wapi? Na alifikaje huko kwenye barafu?

Marahaba. Peck alizaliwa karibu na Manchester mwaka 1850, wazazi wakafariki angali mdogo, na yatima wa Uingereza enzi zile kama hana ndugu wa kumchukua mara nyingi mlango uliobaki wazi ni jeshi la majini, akaingia kijana kabisa. Huko melini ndo akaanza kuisoma Biblia kwa moyo, akatoka, akajipeleka CMS, chama cha wamishonari wa Kianglikana wa Uingereza, kilekile kilichomleta Krapf Mombasa mwaka 1844. Wakati huo askofu John Horden, aliyekuwa Moose Factory kwenye ghuba ya Hudson, alikuwa anaomba mtu wa kwenda kwa Wainuit maana yeye kazi yake kubwa ilikuwa kwa Wakri, wenyeji wengine wa asili wa huko. Peck akapanda meli 1876. Na hapa nawaomba mtulie kidogo, maana mwaka huohuo 1876 CMS hiyohiyo ilimtoa Alexander Mackay Uingereza kuja huku kwetu kuelekea Buganda, yule aliyekuja kufia Usambiro kusini mwa Ziwa Victoria mwaka 1890. Yaani chama kimoja, mwaka mmoja, mmoja anafungashiwa nguo za jua na mwingine za baridi, na wote wawili wanaambiwa kajifunze lugha ya watu kwanza.

Alikaa Little Whale River, upande wa mashariki wa ghuba, akapewa upadri 1878. Kanisa lake la huko lilikuwa la mabati, lilitoka Uingereza vipandevipande kwenye meli likaja kuungwa pale, wenzangu mliokulia kwenye makanisa ya mabati mnajua mvua ikinyesha mahubiri yanasimama, sasa fikiria upepo wa Hudson. Mwaka 1884 akavuka rasi yote ya Ungava mpaka Fort Chimo, siku hizi panaitwa Kuujjuaq. Alafu 1894 akaondoka Peterhead, Scotland, kwenda kuanza upya kabisa kwenye kisiwa kinaitwa Blacklead, pembeni ya kisiwa kikubwa cha Baffin. Pale palikuwa na kituo cha wavuvi wa nyangumi, Waskoti, na Wainuit waliokuwa wanafanya nao kazi. Hakuna mti hata mmoja. Meli ni moja kwa mwaka ikijaliwa kufika, na ikikwama kwenye barafu basi barua ya mama yako utaisoma mwaka unaofuata.

Kanisa la kwanza pale walilijenga kwa mifupa ya nyangumi, juu wakatandaza ngozi za sili, mnyama wa baharini. Majira ya baridi mbwa wa kuvuta sleji, yale magari ya kuteleza kwenye theluji, wakapatwa na njaa, wakapanda juu wakalila kanisa. Walilila kweli, ngozi ni chakula. Ibada ikaendelea kwenye nyumba za theluji.

Msomaji, Mombasa: Mwalimu, zile herufi za pembetatu ulizotuonyesha mwezi uliopita, Peck ndio alizibuni?

Hapana, na nafurahi umeuliza maana sehemu nyingi utasikia hivyo. Alieziweka kwenye chapa ni James Evans, mmishonari wa Kimethodisti, pale Norway House mwaka 1840, na alikuwa anawaandikia Wakri, sio Wainuit. Hakuwa na mashine ya maana, aliyeyusha madini ya risasi yaliyotoka kwenye masanduku ya majani ya chai akasubu herufi, wino akatengeneza kwa masizi. Inasemwa aliazima wazo kutoka hatimkato na maandishi ya Kihindi. Ila Wakri wenyewe wana masimulizi yao, kwamba maandishi haya alipewa mzee wao Mistanaskowew katika safari ya rohoni, na mimi siwezi kuandika habari hizi nikayaruka masimulizi hayo kana kwamba hayapo, ni watu wanazungumzia maandishi yao. Baadae Horden na mwenzake Watkins wakazirekebisha zikae kwenye Inuktitut, lugha ya Wainuit, na Peck akaja kuzishika na kuzisambaza kwa nguvu kuliko mtu yeyote.

Zinavyofanya kazi ni hivi. Umbo linakupa konsonanti, upande linakoelekea linakupa irabu. Pembetatu ikiangalia juu ᐱ ni "pi", ikielekea kulia ᐳ ni "pu", ikielekea kushoto ᐸ ni "pa". Basi. Umbo lingine kwa "t", lingine kwa "m", unazungusha hivyohivyo. Inuktitut ina irabu tatu tu, a, i, u, kwa hiyo ukijua maumbo kumi na kitu umemaliza, mtu anasoma ndani ya muda mfupi sana.

Na hapo ndo kuna jambo ambalo mimi kila nikilifikiria nasisimka. Peck hakuwa na shule. Alikuwa na vitabu vidogo, na mtu akishajua anamfundisha mkewe, mke anamfundisha mtoto, wawindaji wakikutana kambini huyu anamwonyesha yule, vitabu vikabebwa kwenye sleji mamia ya kilomita kwenda sehemu ambazo padri hajawahi kukanyaga. Knud Rasmussen, mtafiti mzaliwa wa Greenland, alipopita maeneo ya Iglulik miaka ya 1920 alikuta watu wanashika dini mpya na kuimba nyimbo za kanisa ilhali hakuna mmishonari aliyewahi kuishi nao. Walifundishana. Pale Blacklead penyewe Wainuit kama Tulugarjuaq na Kidlapik ndo walibeba mafundisho, na Peck alipoondoka moja kwa moja 1905 kazi haikulala, maana ilishakuwa mikononi mwa wenyewe.

Mchungaji, Kigoma: Bwana asifiwe mtumishi. Naomba kujua, unawatafsiriaje Biblia watu ambao hawajawahi kuona kondoo, mtini, wala shamba la ngano?

Amina mchungaji. Swali lako limenifanya niifungue tena Zaburi ya 51, "unioshe, nami nitakuwa mweupe kuliko theluji". Sisi kondoo tunao, mtama tunaujua, jangwa tunalisikia, ila theluji watu wetu wengi wanaishi na kufa hawajaigusa, na hata neno lenyewe tumelichukua kwa Waarabu. Rebmann, mmishonari mwenzake Krapf, alipoiona Kilimanjaro mwaka 1848 akaandika kuna theluji pale juu, wasomi wa London wakamkatalia katakata. Sasa geuza. Mwinuit mstari huo wa Daudi anauelewa kuliko Daudi mwenyewe, lakini ukimwambia "Bwana ndiye mchungaji wangu" una kazi ya kueleza mchungaji ni nani, anachunga nini, na kwa nini huyo mnyama halindwi na mama yake. Na miti! Biblia imejaa miti kuanzia ukurasa wa kwanza.

Peck hakuanzia sifuri. Wamoravian, haohao wa Rungwe na Tabora, walishafika Labrador, pwani ya mashariki ya Kanada, toka 1771 na walikuwa na Agano Jipya kwa lahaja ya kule kwa herufi za Kirumi. Akalisoma melini njia nzima. Alipofika akagundua lahaja inatofautiana, kama vile mtu ajifunze Kiswahili cha kitabuni Mbeya alafu ashushwe Pate, kwa hiyo akawa anaingia nyumba hadi nyumba na daftari, anauliza, anakosea, anasahihishwa, anaandika. Jina la Mungu Wamoravian walishaleta lao, wakasema "Guuti" kutoka lugha zao, na Wainuit wanasema hivyo mpaka leo. Hii tofauti na kwetu ni kubwa mno mchungaji, sisi Mungu tulikuwa na jina lake kabla ya meli yoyote, watafsiri walilikuta wakalitumia.

Alafu kuna maneno yenyewe. Inuktitut inajenga neno kwa kuunganisha viambishi nyuma mpaka sentensi nzima inakuwa neno moja. "Tusaatsiarunnanngittualuujunga" ni neno moja, maana yake siwezi kusikia vizuri hata kidogo. Mswahili anayesema "nisingalikuambia" hawezi kushangaa, ila sisi tunarundika mwanzoni wao wanarundika mwishoni. Mzungu aliyetoka kwenye Kiingereza cha vineno vifupivifupi alihitaji miaka. Na aliipata, mpaka wakamuita Uqammaq, yaani msemaji mzuri, jina hilo hakujipa.

Injili zote nne alizimaliza, sarufi yake ilichapwa 1919, na kamusi ilitoka 1925 mwaka mmoja baada ya yeye kufariki Ottawa, kamusi yenyewe akiwa ameijenga juu ya ile ya Mmoravian Erdmann. Lakini Biblia nzima, Mwanzo mpaka Ufunuo kwa Inuktitut ya huko, imetoka juzi tu, Juni 2012, ikazinduliwa kanisa kuu la St Jude pale Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, eneo la Wainuit. Watafsiri walikuwa mapadri wanne, Wainuit watupu, na waliifanya kwa zaidi ya miaka 30. Nikiyaona majina yao, Jonas Allooloo, Benjamin Arreak, Joshua Arreak, Andrew Atagotaaluk, naona ndo jibu kamili la swali lako, maana wao hawakuwa wanakisia mwinuit atasikia nini.

Msomaji, Arusha (mama wa watoto watatu): Samahani naomba kuuliza kitu kidogo. Alikuwa na mke? Watoto? Au alikuwa kama mapadri wa Katoliki?

Alioa, mama, mwaka 1885, mkewe Sarah Ann, wakapata watoto wanne. Blacklead hakumpeleka. Alikuwa anakaa kule kama miaka miwili, anarudi Uingereza muda, anaondoka tena, hivyo mara nne mpaka 1905. Wasifu mwingi unapita hapo haraka sana, unaandika "alijitoa" wakati aliyejitoa ni wawili, na wale watoto wanne ambao baba walimjua kwa barua ya mara moja kwa mwaka. Mwenzake wa kwanza kisiwani, kijana Joseph Parker aliyekuwa na ujuzi wa tiba, alizama baharini 1896 na wenzake kwenye boti, hakurudi kwao kabisa. Na ubatizo wa kwanza Blacklead ulikuwa 1901, miaka saba baada ya kufika, na walioanza kubatizwa ni wanawake.

Msomaji, Nairobi: Niaje Mwalimu. Mimi sikubaliani na hii story. Hawa wamishenari walikuja kuua tamaduni za watu na bado tunawasifu kwa magazeti. Hao Wainuit si walipelekwa shule za lazima wakachapwa?

Poa ndugu yangu. Sitakuzunguka. Ndiyo walipelekwa, na kanisa la Anglikana la Kanada lilikuwa mmoja wa waendeshaji wa shule hizo za bweni, watoto wakitenganishwa na wazazi, na wengi waliadhibiwa kwa kuongea lugha ya mama zao. Askofu mkuu Michael Peers aliomba radhi kwa niaba ya kanisa mwaka 1993, na tume ya ukweli na maridhiano ikatoa taarifa yake 2015, ukiisoma usiku hulali.

Peck mwenyewe alitoka kule 1905 na hakuwa mtu wa shule hizo, ila hilo halimwondolei lawama zote. Alipigana na waganga wao, angakkuit, alihubiri waachane na pepo zao na ngoma zao, na nyingi zilinyamaza kweli. Hapohapo, kwa ombi la Franz Boas, mwanaanthropolojia, aliketi na watu akaandika majina na habari za pepo hao, orodha ina majina 347, na leo wajukuu wa waganga wale wakitaka kujua babu zao walimwita nani gizani wanafungua karatasi za padri aliyewakataza. Mimi sijui mtu mwingine ambaye kazi yake inaniuma na kunifurahisha kwa wakati mmoja namna hiyo.

Ila kuna kitu naomba usikichanganye. Peck alitumia miaka karibu thelathini kuhakikisha Mwinuit anasali kwa lugha yake na anaandika kwa lugha yake. Kizazi kilichofuata, kanisa hilohilo likamuweka mtoto wa Mwinuit kwenye dawati na kumpiga kwa kuongea lugha hiyohiyo. Hasira yako iko sawa, na mimi ninayo, nataka tu ifike panapostahili.

Msomaji, Iringa: Je hakuna aliyekuwa mzaliwa wa hukohuko Kanada akafanya kazi kama hii? wote walitoka Ulaya?

Yupo, na kwa maoni yangu anastahili toleo zima. Robert McDonald, mzaliwa wa Red River ambako sasa ni Winnipeg, 1829, baba Mskoti wa kampuni ya Hudson's Bay, mama mwenye damu ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa Kanada. Akaenda Fort Yukon 1862 kwa Wagwich'in, wenyeji wa kaskazini magharibi, baadae akahamia Fort McPherson. Akaoa mwanamke wa Kigwich'in, Julia Kutug, 1876, wakapata watoto tisa, na ukiwa na mwalimu wa lugha mezani kwako kila asubuhi tafsiri inakwenda. Agano Jipya likatoka 1886, Biblia nzima 1898, kwa lugha waliyoiita Tukudh. Yeye alitumia herufi za Kirumi, akatengeneza na jedwali la silabi ili mtu ajue kusoma haraka. Alifariki Winnipeg 1913. Angalia mwaka huo 1898 alafu kumbuka Baganda walipata Biblia yao nzima 1896, tena nayo mmishonari Pilkington hakuitafsiri peke yake, alikuwa na Mganda Henry Wright Duta ubavuni.

Msomaji, Ottawa: Habari za nyumbani Mwalimu, naishi huku na nimefanya kazi na rafiki zangu wawili kutoka Nunavut. Mmoja ananiambia wanataka kuziondoa hizo herufi waandike kwa ABC, mwingine amekasirika sana. Wewe unaonaje?

Nyumbani salama, asante kwa kutukumbuka. Rafiki zako wanazungumzia jambo la kweli. Mwaka 2019 chama cha kitaifa cha Wainuit, ITK, kilipitisha mfumo mmoja wa herufi za Kirumi kwa Wainuit wote wa Kanada, sababu yao ni kwamba Labrador na magharibi wanaandika Kirumi, Nunavut sehemu kubwa na Nunavik, kaskazini mwa Quebec, wanaandika silabi, yaani hizo herufi za maumbo, vitabu vya shule havivuki mpaka, na watoto wanaikimbilia Kiingereza. Hawajasema silabi zifutwe, wamesema mfumo huu ukae pembeni yake. Lakini mtu ambaye bibi yake alisomea silabi kwenye nyumba ya theluji atasikia nini unafikiri?

Mimi ni Mswahili kwa hiyo siwezi kulitazama hili kwa mbali. Kiswahili kilikuwa na maandishi karne nyingi kabla ya Krapf, kwa herufi za Kiarabu, kuna utenzi wa Pate wa mwaka 1728 upo mpaka leo. Krapf akaja na herufi za Kirumi kwa Kimvita, Steere wa UMCA, chama kingine cha wamishonari wa Kianglikana, akaja na zake kwa Kiunguja, serikali za kikoloni zikachukua hizo, kamati ya lugha ikaundwa 1930, na ndani ya vizazi viwili bibi aliyekuwa anasoma na kuandika barua zake mwenyewe akahesabiwa hajui kusoma. Tulipata urahisi, ndiyo. Herufi za Kiarabu nazo zina irabu tatu, e na o zetu zilikuwa zinasumbua, msomaji inabidi akisie kama ni "kula" au "kola". Faida naijua. Ila ningekuwa na sauti kwenye mkutano wao ningewaomba wawafundishe watoto zote mbili, hata kama ya pili itakuwa saa moja kwa wiki, maana sisi hatukufanya hivyo na leo hati za mababu wa Lamu nyingi sana hazisomeki na wajukuu wao wenyewe.

Msomaji, Lamu (darasa la sita): Shikamoo. Nimependa hizo herufi. Mji wetu unaandikwaje?

Marahaba mwanangu. "La" ni ᓚ, "mu" ni ᒧ, kwa hiyo andika ᓚᒧ. Mama ni ᒪᒪ, na jirani zako wa Siu ni ᓯᐅ. Pate itakushinda kwa sababu ya ile "e", jaribu ᐸᑎ, Mwinuit ataisoma "Pati" na atakuwa amekaribia.